Mchanga Ndani ya Rangi: Jinsi Kiwanda Kilivyomtoa Mchoraji Nje

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wachoraji, walimu na wanafunzi wa sanaa. Naiweka hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani siku ile hazimo. Pale ilipobidi nimezieleza kwa maneno.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wangu, ndugu zangu wachoraji, na ninyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa sababu viti havikutosha, habari za jioni. Asanteni sana kwa kuja.

Naomba tuanze na chembe za mchanga. Kiangazi cha mwaka 1870, mchoraji Mfaransa Claude Monet alikuwa Trouville, mji wa ufukweni kaskazini mwa Ufaransa, pamoja na mkewe Camille. Akachora picha ndogo ya wanawake wawili wameketi pwani na miavuli ya jua. Picha hiyo leo iko National Gallery, London. Wataalamu wa kuhifadhi picha walipoichunguza kwa hadubini, walikuta chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi. Ni mchanga wa ufukwe uleule. Upepo uliupeperusha, ukatua juu ya rangi mbichi, rangi ikakauka nao.

Maana yake nini? Maana yake picha ile haikuchorwa chumbani kwa kukumbuka. Kanvasi ilisimama pale pale, kwenye upepo. Sasa niwaulize: rangi ya mafuta ilifikaje ufukweni? Kwa nini haikufika pale miaka mia moja kabla, wakati bahari ilikuwepo, jua lilikuwepo, na wachoraji wenye vipaji walikuwepo tele?

Mara nyingi tunaposimuliwa habari za Waimpreshonisti, yaani Monet na wenzake waliochora nuru kama walivyoiona papo hapo, tunasimuliwa macho yao. Tunaambiwa waliona nuru ambayo wengine hawakuiona. Sikatai. Lakini jioni hii nataka tuanze na mkono. Mkono ule ulishika nini? Nani alikitengeneza? Kiliuzwa wapi, na nani alikuwa na pesa ya kukinunua? Naamini kwa dhati kwamba mchoraji asiyejua historia ya vifaa vyake anaijua sanaa yake nusu tu.

Haya, twendeni karakana ya zamani.

Kabla ya miaka ya 1840, rangi ya mafuta ilikuwa kazi ya kusaga. Unachukua unga wa rangi, unaumwaga juu ya bamba la jiwe, unatia mafuta ya kitani kidogo kidogo, unasaga kwa jiwe jingine lenye kitako bapa hadi uji ule uwe laini, usikwaruze. Rangi moja inakula muda, na una rangi nyingi za kusaga. Kazi hii ilifanywa na mwanafunzi wa karakana, au na muuza rangi mjini. Rangi iliyosagwa ilihifadhiwa wapi? Katika kipande cha kibofu cha nguruwe, kimefungwa kwa uzi juu. Ukihitaji rangi, unatoboa kibofu kwa msumari mdogo, unakamua, kisha unaurudisha msumari uleule ili uzibe tundu.

Hebu fikirini mnasafiri na vibofu kumi na viwili vya namna hiyo ndani ya mfuko. Hewa inapenya, rangi inaganda. Kibofu kinapasuka njiani, buluu inamwagikia njano, na nguo zako zote zimekwisha.

Nisieleweke vibaya. Wapo waliotoka nje hata wakati huo. Pierre-Henri de Valenciennes alichora mawingu na mapaa ya Roma kwa rangi ya mafuta katika miaka ya 1780. John Constable alichora mawingu ya Hampstead, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1820. Corot alifanya hivyo hivyo Italia. Kwa hiyo anayesema kuchora nje kulianza na Monet anakosea. Lakini tazameni walichokifanya wale wa kwanza: vipande vidogo, mara nyingi juu ya karatasi, rangi chache, kisha wanarudi nyumbani. Vipande vile vilikuwa kumbukumbu za kazi. Picha yenyewe, ile ya kutundika na ya kuuza, ilikamilishwa ndani. Nje palikuwa mahali pa kukusanyia. Ndani palikuwa mahali pa kumalizia.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye ningependa kila mchoraji katika ukumbi huu aondoke na jina lake: John Goffe Rand. Mmarekani, mzaliwa wa New Hampshire mwaka 1801, mchoraji wa sura za watu, si tajiri na si maarufu. Akiwa London alichoka na rangi zinazogandia ndani ya vibofu. Mwaka 1841 akasajili hataza ya chombo kipya: tyubu ya bati laini, inayokunjika, kama ile ya dawa ya meno tunayoikamua kila asubuhi. Rangi inatiwa kutoka upande wa nyuma, mkia unakunjwa na kubanwa kwa koleo, na mbele kuna mdomo wenye kifuniko. Unakamua unachotaka, unafunga. Bati likishabonyezwa halirudi nyuma, kwa hiyo halivuti hewa ndani. Ndugu zangu, siri yote iko hapo! Chombo kinachopungua pamoja na kilichomo.

Kampuni ya Winsor & Newton ya London iliichukua tyubu hiyo mapema, na Paris wauzaji kama Lefranc wakafuata. Kufikia wakati Monet, Renoir, Sisley na Bazille wanakutana wakiwa vijana mjini Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1860, tyubu ilikuwa kitu cha dukani. Hawakuivumbua wala hawakuishangaa. Waliikuta. Renoir, akiwa mzee, alimwambia mwanawe Jean kwamba bila rangi za tyubu kusingekuwa na Cézanne, wala Monet, wala Pissarro, wala Impreshonizimu yenyewe. Huyo ni mtu aliyekuwa ndani ya jambo, na alianza maisha akiwa kijana wa kupamba vyombo vya kaure. Alijua maana ya kifaa.

Na Rand? Rand alifariki Januari 1873. Mwaka mmoja na ushee baadaye, tarehe 15 Aprili 1874, wachoraji wale wakafungua maonyesho yao ya kwanza katika iliyokuwa studio ya mpigapicha Nadar, barabara ya Capucines, Paris. Hakuishi kuona tyubu yake ilikofika.

Tyubu ilibadilisha na kitu kingine ambacho wengi wetu hatukifikirii. Rangi ya kukaa dukani miezi na miezi lazima isitengane, mafuta yasielee juu na unga usizame chini. Kwa hiyo watengenezaji waliisaga kwa mafuta mengi, mara nyingi mafuta ya mbegu za popi, na wengine waliongeza nta kidogo. Ikatoka rangi nzito, laini, inayosimama. Ukiipaka inabaki na alama ya brashi, haijilazi. Nyuso zile nene za Waimpreshonisti, zile kingo za rangi unazoweza kuzihesabu ukisimama karibu, zilianzia kiwandani kabla ya kufika mkononi. Halafu wao nao wakaichezea: wapo waliokamulia rangi kwanza juu ya karatasi ya kunyonya ili mafuta ya ziada yatoke, ibaki kavu zaidi, yenye sura ya chaki. Monet alipenda hivyo. Degas pia. Kiwanda kilitoa kitu, mchoraji akakirekebisha. Hayo ni mazungumzo kati ya watu wawili wasioonana.

Tuje kwenye rangi zenyewe. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kwa karne nyingi buluu iliyo bora kuliko zote ilitoka kwenye jiwe la lapisi lazuli, lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan. Ilikuwa ghali kiasi kwamba mteja aliandika katika mkataba ni sehemu gani ya picha ipakwe buluu hiyo. Nani angeibeba buluu kama hiyo kwenda kuichezea juu ya maji ya mto Seine? Nani angeipaka kwenye kivuli cha mti wa kawaida?

Kisha wakaja wakemia. Mwaka 1802 Louis Jacques Thénard alipata buluu ya kobalti, akiwa ametumwa na serikali ya Ufaransa kutafuta mbadala. Mwaka 1824 chama cha kuhimiza viwanda cha Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeweza kutengeneza ultramarini, yaani buluu ileile, bila jiwe la Badakhshan. Jean-Baptiste Guimet akaitengeneza, na mwaka 1828 akapewa zawadi hiyo. Buluu iliyokuwa ya mavazi ya Bikira Maria ikawa ya kila mtu. Mwaka 1817 Mjerumani Friedrich Stromeyer akagundua madini ya kadimiamu, ambayo baadaye yakatoa njano kali. Mwaka 1859 Guignet wa Paris akasajili hataza ya kijani cha kromu, kijani baridi, safi, kinachopitisha nuru. Mwaka 1860 George Rowney wa London akaanza kuuza buluu nyingine, ile ya anga, iliyoelemea kijani kidogo.

Tazameni hizo tarehe. Monet alizaliwa 1840. Renoir 1841. Vijana hawa walikua pamoja na rangi hizi. Walipofika umri wa kushika brashi kwa dhati, duka la rangi la Paris lilikuwa na buluu, kijani na njano ambazo babu zao hawakuwahi kuziota, tena kwa bei ambayo mtu anaweza kuikamua bila kutetemeka.

Nini kilitokea? Kivuli kikabadilika rangi!

Nendeni mkaitazame picha ya Monet iitwayo La Pie, jina la ndege wake mweusi na mweupe, ya majira ya baridi ya 1868 kuingia 1869. Iko Musée d'Orsay, Paris. Ua wa fito, theluji, ndege mmoja juu ya lango. Kivuli cha ua kimelala juu ya theluji, na kivuli hicho ni buluu inayoelekea zambarau. Mchoraji aliyefundishwa shuleni angetia kahawia au kijivu. Salon ya mwaka 1869, maonyesho rasmi ya serikali, iliikataa picha hiyo. Leo ni miongoni mwa picha zinazopendwa sana katika jumba lile.

Je, Monet aliona kivuli cha buluu kwa sababu alikuwa na buluu ya bei nafuu? Au alitafuta buluu kwa sababu alikiona? Mimi nadhani vyote viwili vilitembea pamoja, na sioni haja ya kuvitenganisha. Jicho hujifunza kuona kile ambacho mkono unaweza kukijibu.

Kuna hadithi nyingine inayotoka kiwandani, naipenda sana. Paris palikuwa na kiwanda cha serikali cha kufuma mazulia ya ukutani, Gobelins. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa kusimamia idara ya kutia nyuzi rangi. Akakuta malalamiko: nyuzi nyeusi ni dhaifu, hazina nguvu zikifumwa katika vivuli vya nguo za buluu na zambarau. Chevreul akazipima nyuzi zile, akazilinganisha na za viwanda vingine. Zilikuwa nzima. Tatizo halikuwa kwenye beseni la rangi. Tatizo lilikuwa jirani: rangi inayokaa pembeni inabadilisha jinsi jicho linavyoiona nyeusi. Kutoka kwenye lalamiko hilo la kazini akaandika utafiti mkubwa, akauchapisha mwaka 1839, kuhusu namna rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inavyoisukuma mwenzake. Nyekundu kando ya kijani, zote zinawaka. Chungwa kando ya buluu, vivyo hivyo. Mawazo hayo yakaenea kwa wachoraji wa Ufaransa. Basi kijana wa 1870 alikuwa na rangi safi ndani ya tyubu na pia hoja ya kuziweka ubavu kwa ubavu bila kuzikoroga.

Camille Pissarro alichora jambo hili waziwazi. Mnamo 1878 alichukua ubao wake wa kuchanganyia rangi, ule wenye tundu la kidole gumba, akachora mandhari ya shamba katikati yake: wakulima, mkokoteni wa majani, miti, anga. Na pembeni mwa ubao aliacha mafungu ya rangi kama yalivyokamuliwa: nyeupe, njano, nyekundu, zambarau, buluu, kijani. Ubao huo uko jumba la Clark, Massachusetts, Marekani. Unatazama mafungu yale sita, unatazama shamba, unaona jinsi haya yalivyozaa lile. Hakuna nyeusi pembeni. Sijui somo bora la rangi kuliko ubao ule, na mwalimu ambaye hajawahi kuwaonyesha wanafunzi wake picha ya ubao huo namsihi afanye hivyo wiki hii.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1905, Monet aliulizwa anatumia rangi gani. Akamjibu muuzaji wake Durand-Ruel kwa barua fupi: nyeupe ya risasi, njano ya kadimiamu, nyekundu ya vermilioni, nyekundu nzito ya mizizi ya mmea uitwao madder, buluu ya kobalti, kijani. Basi. Kobalti na kadimiamu zimo, tunda la maabara za miaka mia moja iliyotangulia.

Sasa brashi. Hili litakuwa fupi, lakini msilidharau. Brashi za zamani zilifungwa nywele kwa uzi au kuingizwa ndani ya bua la unyoya wa ndege, kwa hiyo zilikuwa za mviringo. Karne ya 19 watengenezaji wakaleta shingo ya bati. Bati unaweza kulibana. Ukilibana, nywele zinakaa bapa. Brashi bapa inaacha alama pana, ya mraba mraba, rangi moja kwa pigo moja.

Nendeni La Grenouillère, mahali pa kuogelea kwenye Seine, karibu na Paris, Septemba 1869. Monet na Renoir wamesimama ubavu kwa ubavu, wanachora maji yaleyale. Katika picha ya Monet iliyoko National Gallery, maji ni mapigo mapana ya mlalo: moja jeusi-kijani, moja jeupe, moja buluu. Ukikaribia, hakuna maji, kuna mapigo tu. Ukirudi nyuma hatua chache, boti zinacheza. Kazi ile ni ya brashi bapa na rangi nzito. Picha ina sentimita 73 kwa 92, na kipimo hicho nacho ni cha dukani. Wauzaji wa Paris waliuza kanvasi zilizokwisha kuwambwa na kupakwa rangi ya msingi, kwa namba. Namba 30 ilikuwa sentimita 92 kwa 73 kwa picha ya mtu, 92 kwa 65 kwa mandhari, 92 kwa 60 kwa bahari. Monet aliichukua ile ya mtu akachorea maji! Msingi wake dukani ulipatikana ukiwa mweupe, wa krimu au kijivu hafifu, na mchoraji aliyeanzia kwenye weupe hakuhitaji kupambana na giza kwanza. Wengi waliacha msingi huo uchungulie kati ya mapigo.

Lakini nisiwapambie mambo. Katika kiangazi hichohicho cha 1869 Monet alikuwa fukara kabisa. Renoir alimletea mkate kutoka nyumbani kwao. Akamwandikia rafiki yake Bazille kwamba nyumbani hakuna mkate, hakuna kuni za kupikia, na kwamba kazi imesimama kwa kukosa rangi. Mnasikia? Imesimama kwa kukosa rangi. Mchoraji aliyejisagia rangi alitegemea mikono yake. Mchoraji wa tyubu alitegemea duka. Uhuru wa kutoka nje ulikuja na deni.

Ndiyo maana nataka mumjue pia Julien Tanguy, ambaye vijana walimwita Père Tanguy, yaani Mzee Tanguy. Alikuwa msagaji na muuza rangi. Alizunguka na mzigo wake hadi mahali wachoraji walipokuwa wakifanya kazi, Barbizon, Argenteuil, akiwauzia huko huko. Baada ya kushiriki katika Komuni ya Paris, uasi wa wananchi wa mji huo mwaka 1871, alifungwa. Alipotoka akafungua kiduka chake Montmartre, mtaa wa Clauzel. Mchoraji asiye na pesa aliacha picha badala ya malipo. Kwa njia hiyo kiduka kile kikawa mahali pekee Paris ambapo kwa miaka mingi ungeweza kuona kazi za Cézanne. Vincent van Gogh alimchora akiwa amekaa, mikono imepandana, uso mpole. Alipofariki mwaka 1894 hakuacha utajiri. Tukihesabu waliojenga Impreshonizimu, huyu tunamweka wapi? Mimi namweka mbele.

Reli nayo ilitoka kiwandani. Argenteuil, alikoishi Monet kuanzia 1871 hadi 1878, palikuwa safari fupi ya treni kutoka kituo cha Saint-Lazare. Asubuhi sanduku la rangi begani, jioni picha iko kwa mnunuzi mjini. Mwaka 1877 Monet akakichora kituo chenyewe, moshi na vioo vya paa. Huko Argenteuil alikuwa pia na mashua aliyoigeuza studio, na Édouard Manet alimchora humo mwaka 1874, ameketi chini ya kitambaa cha kivuli, brashi mkononi, Camille kando yake.

Kutoka nje hakukuwa starehe. Mwaka 1866, Ville d'Avray, Monet aliamua kuchora kanvasi ya zaidi ya mita mbili na nusu nje, bustanini. Atafikiaje juu? Akachimba handaki ardhini, akafunga kapi, kanvasi ikawa inashushwa na kupandishwa ili yeye asibadilishe mahali anapotazamia. Salon ikaikataa. Na mwezi Novemba 1885, Étretat, chini ya mwamba wenye tao uitwao Manneporte, alijisahau katika kazi akidhani maji yanakupwa. Wimbi likamrusha kwenye mwamba, likamvuta pamoja na vifaa vyake. Kanvasi, stendi na mfuko vikaenda na bahari, na ndevu zake, alimwandikia mwenzi wake Alice Hoschedé, zikajaa buluu na njano. Mwandishi Guy de Maupassant, aliyemwona Étretat, alisimulia kuwa watoto walimfuata wamembebea kanvasi tano sita za mahali pamoja, kila moja ya saa yake. Nuru ikibadilika, anaweka hii, anachukua ile. Jaribuni kufanya hivyo kwa vibofu vya nguruwe.

Kuna uzi mmoja wa habari hii unaofika kwetu pwani, na siwezi kuuacha. Vanishi. Picha ya Salon ilipakwa vanishi mwishoni ing'ae. Na moja ya malighafi zilizosifiwa sana katika vanishi ngumu za karne ile ilikuwa sandarusi yetu, ile ya kuchimbwa ardhini Mrima, yenye ngozi ya vipele vidogo, iliyosafirishwa kupitia Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua kwa shehena. Ilipakwa kwenye magari ya farasi, kwenye samani, na vanishi za kopali, yaani za gamu za aina ya sandarusi, zilitumiwa na wachoraji pia. Waliochimba jasho la miti ile iliyokufa zamani, vijijini nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam, hawakuwahi kuambiwa inakwenda kung'arisha nini.

Na Waimpreshonisti? Wengi wao waliikataa vanishi, ya gamu yoyote ile. Vanishi hugeuka njano. Inazamisha rangi, inaondoa ule ukavu wa chaki walioutafuta kwenye karatasi ya kunyonya. Pissarro aliandika nyuma ya mchoro wake mmoja ombi kwa yeyote atakayeumiliki: tafadhali usiipake vanishi picha hii. Wafanyabiashara wengi wa picha hawakusikiliza maombi ya namna hiyo, na hasara hiyo haijarudishika kwa picha nyingi.

Nimalizie na hasara nyingine, ambayo inatuhusu sisi tulioko hapa moja kwa moja.

Mwaka 1883 Renoir alimchora Bibi Léon Clapisson. Picha iko Art Institute of Chicago. Kwa miaka watu waliiona nyuma yake pana ubaridi, kijivu kinachoelekea buluu. Wahifadhi walipoitoa kwenye fremu, kwenye ukingo uliokuwa umefunikwa, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, wakakuta nyekundu kali ya zambarau. Renoir alikuwa ametumia karmini, nyekundu inayotokana na mdudu, na nuru ya miaka mia ilikuwa imeila. Karmini ni rangi ya kale, si ya maabara mpya. Lakini ilikuwa ndani ya tyubu sawa na kobalti, kwenye rafu ileile, na kobalti haipauki. Kwa nje utajuaje? Njano ya kromu nayo hugeuka kahawia, kama tunavyoona katika picha za Van Gogh. Msagaji wa zamani alijua kilichomo kwa sababu alikitia mwenyewe. Mnunuzi wa tyubu alisoma karatasi iliyobandikwa.

Ninyi nanyi mnanunua tyubu. Wengine mnanunua tyubu za bei ndogo zisizoandikwa kilichomo, na siwalaumu, najua hali. Naomba basi tufanye kazi moja pamoja. Chukueni kipande cha kadi nyeupe. Pakeni mstari wa kila rangi mnayotumia, andikeni jina na mahali mliponunua. Zibeni nusu ya kila mstari kwa karatasi nyeusi, bandikeni kadi hiyo kwenye dirisha linalopigwa na jua, muiache miezi mitatu. Halafu mfungue, mlinganishe. Tukikutana tena kila mtu aje na kadi yake, tuzipange mezani, tujue ni nyekundu zipi zinatukimbia.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, tuanze na hawa waliokaa sakafuni.